Nchi ya Hirola, Ng'ambo ya Mto Tana

Msafiri atokaye Nairobi, akiisha kuvuka daraja la Mto Tana na kuingia mji wa Garissa, huona kwamba ameifikia nchi isiyofanana na ile aliyoiacha nyuma. Kando ya mto pana mashamba ya maembe, ndizi na matikiti maji. Lakini ukiuacha mto mwendo mfupi tu, majani mabichi hukoma na mchanga huanza. Hakuna mlima wa kupumzisha macho. Njia iendayo kusini hufuata ukingo wa mashariki wa mto, na pale Bour-Algi, karibu na mji, twiga huonekana wakienda kunywa maji. Wenyeji hupita zao bila kuwatazama. Wageni ndio wasimamao.

Mbele sana, kupita Bura na Masalani katika nchi ya Ijara, yupo mnyama asiyeonekana kwa urahisi hivyo. Wasomali humwita arawla, na watu wengine humwita hirola. Anafanana na kongoni, ila umbo lake ni jepesi zaidi. Rangi yake ni ya mchanga, pana mstari mweupe unaounga jicho na jicho, na chini ya kila jicho pana tezi kubwa, hata watu husema kwamba ana macho manne. Mwingereza mmoja mwindaji, Hunter, alimwona karibu na Tana mwaka 1888, na wataalamu wakampa mnyama huyo jina la mwindaji. Wafugaji walikwisha kuwa na jina lao na hawakulingojea hilo.

Hirola hana ndugu wa karibu duniani. Makao yake ya asili ni pande hizi za mashariki ya Kenya na pembe ya Somalia inayopakana nazo, na mahali pengine hapana. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 10,000. Ndipo sotoka ilipoingia katika miaka ya 1980, ikaua ng'ombe na hirola pamoja; kisha ukame, na bunduki. Leo yakadiriwa kwamba hawafiki 500. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote, walakini hirola hawakurudi kuwa wengi, na sababu mojawapo ni ya ajabu kidogo. Majangili walipowamaliza ndovu, hapakuwa na wa kuvunja miti. Tangu mwaka 1985 hata 2012 vichaka viliongezeka zaidi ya mara mbili, vikameza mbuga za majani mafupi ambayo hirola hula. Ng'ombe nao hula majani hayo hayo, hivyo hasara ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Wazee wa Kisomali wana itikadi kwamba arawla akitoweka ng'ombe nao hawatasalimika. Na mtu akiangalia habari za sotoka na za majani, hawezi kuwacheka.

Pengine ndiyo maana jambo la mwaka 1996 liliwakasirisha watu sana. Hirola walikwisha kupelekwa Tsavo mara moja, mwaka 1963, ili wasipotee wote wakipatwa na balaa nyumbani kwao. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori la Kenya likaanza kuwahamisha wengine. Nia haikuwa mbaya. Lakini watu wa Garissa waliona kwamba wananyang'anywa mali yao, wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikawasikiliza, ikasema kwamba kazi ya shirika hilo kwa sheria ni kuwahifadhi wanyama katika hali yao ya asili, na uhamisho ukasimamishwa. Wapo waliosema wakati ule kwamba wafugaji wamemhukumu mnyama wao kufa. Neno hilo lilikuwa zito, kwa kuwa mtu akizuia kitu kisiondolewe, hana budi kukitunza mwenyewe.

Jibu lilionekana Ishaqbini. Huko wenyeji walitenga ardhi yao iwe hifadhi ya jamii, na mwaka 2012 wakazungushia sehemu yake, yapata kilomita 27 za mraba, ua madhubuti usiopitisha simba wala fisi, wakaingiza hirola 48. Asiyefuga asidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Malisho ya kilomita 27, mwaka wa kiangazi, ni uhai wa ng'ombe wengi, na mwenye ng'ombe hao ana watoto. Hata hivyo ua ulisimama, na kabla ya miaka mitano kwisha hirola walikuwa wamekaribia 100.

Kazi nyingine iko nje ya ua. Daktari Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa, alianzisha mpango wa kumhifadhi hirola ambao huwatumia wachungaji wenyewe kuwa macho na masikio yake, hukata vichaka na kupanda majani upya, na kufundisha katika vijiji na shule. Mafundisho haya yana faida moja: mtoto aliyekwisha kuchunga mbuzi hahitaji kuelezwa maana ya majani kwisha.

Si kila kitu kimekwenda vema. Ishaqbini ilipata sifa mwaka 2017 kwa twiga weupe, ambao si zeruzeru, maana macho yao ni meusi. Machi 2020 ikatangazwa kwamba jike na mtoto wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, naye Novemba mwaka ule alifungwa chombo pembeni ili askari wajue aliko. Desemba 2021, katika kiangazi kikali, twiga sita walinasa katika tope la bwawa lililokaribia kukauka huko Wajir, wakafa palepale.

Mvua za vuli zinyeshapo, hirola huzaa. Jike hujitenga na kundi, huzaa peke yake, akakaa na ndama majuma kadhaa, na hapo ndipo fisi na mbweha humwotea. Askari wa Ishaqbini huzunguka asubuhi kwa miguu katika majani mapya, wakihesabu ndama.