Akiba Haiozi, Lakini Iwe na Ufunguo

Atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu huagana na bahari mara nyingi kabla ya kufika. Huiona Mtwapa, huiona tena chini ya daraja la Kilifi, kisha humpotea anapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na njia panda ya Gede, hata afike Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Akishavuka Mto Sabaki, hupita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni, na baada ya hapo nchi hufunguka ikawa tambarare ya vichaka na miiba. Karibu na Garsen huvuka Mto Tana, ambako Wapokomo hulima migomba na miembe kandokando ya maji, na Waorma huchunga ng'ombe wao. Kutoka hapo mpaka Witu nyumba ni za kuhesabu. Lami imeifupisha safari, lakini lami haizuii mwiba wala msumari.

Ni katika kipande hicho, baina ya Garsen na Witu, ambapo gurudumu letu la nyuma lilipasuka, saa nane za mchana. Tulikuwa wanawake watatu, watoto wawili na dereva, katika pikapu ya kukodi. Mmoja wetu alikuwa bibi yetu, tuliyekuwa tukimrudisha kwake Lamu baada ya wiki tatu za matibabu Mombasa. Magoti yake hayakuweza mwendo mrefu, na dawa zake za usiku zilikuwa za kunywewa baada ya chakula na mapumziko. Njia ile wasafiri hawapendi kuikabili gizani, na kutoka Mokowe tulikuwa bado tuna maji ya kuvuka.

Gurudumu la akiba lilikuwapo, zima na lenye upepo, limening'inizwa kwa mnyororo chini ya sanduku la pikapu. Mwenye gari alikuwa ameutia mnyororo huo kufuli kwa kuwachelea wezi, maana magurudumu ya namna hiyo huibwa usiku magari yakiwa yamelala nje. Dereva aliupekua mkungu wa funguo, akatazama chini ya viti na ndani ya mfuko wa jeki. Alipompata mwenye gari kwa simu, aliambiwa kwamba ufunguo ulibaki kwa dereva wa zamani.

"Bibi, gurudumu tunalo, ila ufunguo hatuna," akasema kwa haya.

"Basi, mwanangu," bibi akamjibu, "tuna jina lake tu."

Tulitandika mkeka chini ya mti, tukawapa watoto maji, tukaswali, tukashauriana. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kujikokota na gurudumu bovu hadi Witu. Lakini gari likienda hivyo mpira huchanika, na chuma cha gurudumu hupinda kisifae tena. Ya pili ni dereva kuliinua gari kwa jeki, aingie chini yake na kulipiga kufuli kwa nyundo. Bibi aliikataa hiyo kwa neno moja. Jeki husimama juu ya mchanga kwa hisani tu. Gari likitikiswa huteleza, na aliye chini hana pa kukimbilia. Ya tatu ilikuwa kungoja mwenye msumeno wa chuma.

Tulingoja karibu saa nzima. Lori la saruji lililokuwa likielekea Hindi likasimama, na wawili waliokuwemo wakashuka bila ya kuitwa. Kabla ya kugusa kitu walikaza breki ya mkono na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Hawakuinua gari, mmoja alilala ubavu kando yake, akapenyeza mkono. Dereva wetu alitaka mnyororo ukatwe, kwa kuwa ulionekana mwembamba kuliko kufuli. Yule mkubwa akamzuia: mnyororo ndio unaolishusha gurudumu polepole, ukikatwa, chuma na mpira huanguka kwa mara moja, na kesho hakuna cha kulining'inizia. Wakaukata upete wa kufuli, ambao hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kuula kwa kutu. Ndipo tundu la juu ya bampa likatiwa fimbo yake, ikazungushwa, na gurudumu likashuka kwa adabu. Fedha hawakutaka. Bibi aliwafungia mahamri katika karatasi, wakayapokea kwa mikono miwili.

Witu, uliokuwa makao ya masultani wa Nabahani katika karne ya 19, tulisimama kuziba pancha. Fundi alitueleza kwamba kufuli la mnyororo ndilo jepesi kuliko yote. Magari mengine yana kitasa ndani ya lile tundu la fimbo. Ufunguo wake au kitasa chenyewe mara nyingi huwa na nambari, na anayeiandika nambari hiyo nyumbani huweza kuchongewa ufunguo mwingine. Mengine yana nati ya pekee isiyofunguka ila kwa kichwa chake maalumu, ambacho aghalabu hufichwa pamoja na jeki. Nasi tukaongeza letu: anayekodi gari asitosheke kuonyeshwa gurudumu la akiba. Aombe lishushwe mbele yake kabla ya kulipa. Na ufunguo ujulikane ulipo na watu wawili, mmoja wao asiwe dereva.

Tulifika Mokowe magharibi imekaribia, tukaipata mashua, na baada ya muda taa za Lamu zikatulaki. Katika mji ule wa kale, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda. Hakuna anayeuliza habari za gurudumu la akiba. Bibi alipandishwa juu ya punda hadi barazani pake.

Mlango wake wa nakshi ulikuwa umefungwa wiki tatu. Mmoja wetu akawasha simu ili tuutafute ufunguo mikobani. Bibi alikuwa amekwisha kulifungua pindo la leso yake. Ufunguo ulikuwa humo tangu alipoondoka. Alilala nao hospitalini, akavuka nao Tana mara mbili. Akaingia, akanywa uji na dawa zake, akalala kabla ya sisi kumaliza kuteremsha mizigo.

Asubuhi alimwita dereva, akampa fedha za kufuli jipya. Alimwagiza achague lenye funguo mbili, na ule wa pili akaukabidhi kwa mke wa mwenye gari.