NILIYOYAONA KILWA



Mimi ni mtu wa Ziwa Victoria. Kijiji chetu kiko Sengerema, mkoani Mwanza. Nimezoea maji, mitumbwi na samaki tangu utoto. Kwa hiyo nilipopata likizo nikakata shauri kwenda kuona maji ya wenzetu wa pwani. Nilikwenda Kilwa, katika Mkoa wa Lindi. Nilichukua nguo chache, daftari moja na kalamu. Leo nataka kukusimulia machache niliyoyaandika katika daftari hilo.

NJIANI

Kutoka Dar es Salaam basi lilishika njia ya kusini. Tulipita Kibiti na Ikwiriri, tukafika Mto Rufiji. Zamani magari yalivuka mto huu kwa kivuko, na wasafiri walikaa muda mrefu wakingoja zamu yao. Tangu mwaka 2003 kuna daraja. Linaitwa Daraja la Mkapa, na urefu wake ni karibu kilomita moja. Sisi tulivuka kabla mtoto aliyekuwa karibu nami hajamaliza andazi lake.

Hata hivyo njia hii bado ina shida mvua zinapozidi. Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya kimbunga kilichoitwa Hidaya, barabara ilikatika Somanga. Abiria wenzangu walikuwa bado wanalizungumza jambo hilo.

Baada ya Rufiji niliona mikorosho mingi, mashamba ya ufuta na minazi. Tulipofika Nangurukuru njia iligawanyika. Moja inaendelea Lindi. Nyingine inakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Tukashika hiyo ya kushoto.

KANDAMBILI ZANGU

Asubuhi ya pili nilikwenda pwani. Nilistaajabu. Maji yalikuwa mbali sana, na vyombo vimelala mchangani kama ng'ombe waliochoka. Nikavua kandambili zangu, nikaziacha mchangani, nikatembea juu ya matope na mawe mpaka yalipo maji.

Niliporudi sikuziona. Mahali nilipoziacha palikuwa bahari. Watoto walicheka, wakasema, "Mgeni huyo, hajui maji!"

Mama mmoja aliyebeba pweza wawili kwenye kapu akanionea huruma. "Pole baba," akasema. "Kwenu maji hayapwi?"

Nikamjibu kwamba ziwa letu halifanyi hivyo. Ndipo akanieleza. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na hujaa sana. Wakati huo huitwa bamvua. Akina mama hufuata maji mpaka kwenye miamba, wakatafuta pweza katika mashimo kwa kutumia kijiti.

"Sisi huutazama mwezi kabla ya kuitazama saa," akaniambia.

Nilinunua kandambili nyingine. Kisha nikaandika katika daftari: Pwani usiache kitu mchangani.

KISIWANI

Siku iliyofuata nilikata kibali cha kutembelea magofu, nikapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Safari ni fupi. Njiani tulipishana na ngalawa. Hiki ni chombo chembamba chenye mbao mbili ubavuni, moja kila upande, ili kisipinduke.

Mzee mmoja wa kisiwani ndiye aliyenitembeza.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Natoka Ziwa Victoria, babu."

"Ni mbali huko. Karibu. Tembea polepole, mawe haya ni ya zamani kuliko sisi sote."

Tulianza na Gereza. Hii ni ngome iliyo karibu na maji. Wareno waliiteka Kilwa na kuupora mji mwaka 1505, wakajenga ngome. Gereza linaloonekana leo lilijengwa na Waarabu wa Omani katika miaka ya 1800, mahali hapohapo penye ngome ya Wareno. Bahari imekula sehemu ya kuta zake.

Kisha tukaenda Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Baadaye ulipanuliwa, ukawekewa nguzo nyingi na makuba. Jengo ni la mawe ya matumbawe, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Tuliona pia Husuni Kubwa, jumba la sultani lililoko juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane.

Utajiri huo ulitoka wapi? Ulitoka katika biashara. Dhahabu ililetwa kutoka Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi uliwarudisha wafanyabiashara makwao. Kilwa ilitengeneza hata sarafu zake za shaba. Moja iliokotwa kwenye magofu makubwa ya Zimbabwe.

MGENI WA MWAKA 1331

Tulikaa kivulini. Nikamwambia babu habari niliyoisoma kabla ya kusafiri.

Mwaka 1331 alifika hapa mgeni kutoka Moroko. Jina lake ni Ibn Battuta. Alikuwa ameondoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Alitembea nchi nyingi kwa karibu miaka 30. Aliporudi kwao alisimulia safari zake, na mwandishi mmoja akaziandika. Kitabu kilimalizika mwaka 1355.

Mtu huyu aliyatazama hata mambo madogo ya kila siku. Huko Mogadishu aliandika kuhusu ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Alilala usiku mmoja Mombasa. Akaona kwamba watu wanakula ndizi na samaki, na kwamba nafaka inaletwa kutoka mahali pengine. Aliona watu wakitembea miguu mitupu. Kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na chombo cha mti chenye mpini cha kuchotea maji. Mtu alinawa miguu, akaifuta kwenye mkeka, ndipo akaingia.

Babu alicheka. Akainyanyua kata ya kifuu iliyokuwa juu ya mtungi wake, yenye mpini mrefu. "Basi huyo mgeni aliiona kata," akasema. "Hii hapa."

Nikaendelea. Ibn Battuta aliusifu mji wa Kilwa kwa uzuri. Alimsifu pia sultani wake, Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Siku moja maskini mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa palepale. Baadaye maskini yule akapewa pia pembe za ndovu na watumwa.

"Watumwa wangapi?" babu aliuliza.

"Kwanza 10, kisha 10 tena."

"Na majina yao?"

Nikamwambia kwamba majina yao hayamo kitabuni. Babu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jina la aliyetoa limebaki. Majina ya waliotolewa yamepotea."

Nikamwambia na jambo jingine. Kitabu kile kinasema kwamba mji wa Kilwa ulijengwa kwa miti. Lakini sisi tulikuwa tumetoka kuugusa msikiti wa mawe, na sehemu yake ya zamani ilikuwapo kabla ya mgeni huyo kufika. Pengine aliziangalia zaidi nyumba za watu wa kawaida. Pengine alisahau, maana alisimulia baada ya miaka zaidi ya 20. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kusoma peke yake hakutoshi. Soma, kisha tazama, kisha linganisha.

"NISOMEE"

Kabla sijaondoka, babu alinitajia majina ya visima na miamba ya kisiwa. Alieleza kila jina limetokana na nini. Mimi nikaandika.

Alipomaliza akasema, "Nisomee."

Nikasoma. Mawili nilikuwa nimeyakosea. Akanisahihisha. Nikayafuta, nikayaandika upya, nikamsomea tena. Safari hii akaitikia kwa kichwa.

"Vijana wengine hawayajui," akasema. "Mimi sikujifunza kuandika. Nikifa, nitaondoka nayo."

Basi nikalichana lile karatasi katika daftari langu, nikampa mjukuu wake aliyekuwa amekaa nasi. Majina yale ni mali yao, si yangu. Yule mtoto akalisoma kwa sauti mbele ya babu yake. Kisha akalikunja, akaliweka ndani ya daftari lake la shule.

KIVINJE

Siku ya mwisho nilikwenda Kilwa Kivinje. Katika miaka ya 1800 mji huu ulikuwa bandari kubwa. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilileta pembe za ndovu na watumwa. Nyumba za zamani bado zipo, nyingine zimeanguka. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa sababu aliwapinga. Jina lake tunalo. Lakini maelfu ya watu walipita hapa wakiwa wamefungwa, wakapakiwa katika majahazi. Majina yao hatunayo.

Nilisimama pwani nikayakumbuka maneno ya babu.

TUFANYE NINI?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari, mvua na mizizi ya miti vilikuwa vinayaharibu. Mafundi walitengeneza kuta, na mikoko ilipandwa ili ipunguze nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kazi bado ipo, maana mawimbi hayana likizo. Anayekata mkoko au kuchukua jiwe la gofu anaisaidia bahari.

Lakini si kila urithi ni wa mawe. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Watu wa Kilwa walilijua hilo. Katika miaka ya 1500 wao wenyewe waliandika historia ya masultani wao. Ndiyo sababu leo tunajua habari zao.

Na wewe, ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Je, kisima cha kijiji chenu kilichimbwa na nani? Mlima ule unaitwaje, na kwa nini? Mti huo mliozoea kupumzika chini yake ulipandwa lini? Nenda kwa mzee mmoja jioni ya leo. Mwamkie, kaa naye, mwulize. Andika. Kisha msomee akusahihishe.

Mimi nimekwisha anza. Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa mama yangu na daftari. Nilimwuliza majina ya ghuba zetu za ziwani. Alinitajia 11. Mimi nilikuwa nayajua manne tu.