Deni Lilipoingia Darasani

Haya tunayoyaandika si mafundisho ya mtu mwenye hekima, bali ni kukiri kosa letu wenyewe. Huenda katika nyumba nyingine kosa hilo limo pia.

Sisi ni mwalimu, na nyumba yetu iko Aru. Kwa miaka mitatu tulikula kwa deni. Mwenye duka jirani alikuwa na daftari, na jina letu lilikuwa na ukurasa wake: leo sukari, kesho sabuni, kesho kutwa mafuta. Mshahara ulipofika, karibu nusu yake ilikwenda dukani, na kabla ya juma la pili tulikuwa tumerudi kukopa. Hata kanisani tulikwenda kwa njia ya nyuma ili tusionane na yule bwana.

Siku moja tulikuwa tukisahihisha mitihani. Mtoto wa mwenye duka alikuwa darasani mwetu. Alipata alama 46, na za kufaulu ni 50. Tukajikuta, kalamu mkononi, tunatafuta mahali pa kumwongezea alama nne. Hatukuziongeza, lakini usiku ule hatukulala. Tulikuwa tumefahamu kwamba deni halili fedha tu. Lilikuwa limeanza kuinunua haki tuliyoaminiwa na wazazi wa watoto wote.

Asubuhi tulimweleza mama wa watoto wetu. Hakutukemea. Alileta daftari jipya akasema, “Baba watoto, mwenye duka anaandika kila kitu. Kwa nini sisi hatuandiki?” Kweli, wahenga walikwisha kusema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Tukaandika mwezi mzima. Tulidhani mkosaji ni mshahara, na hakika ni mdogo, tena huchelewa. Lakini daftari lilitufunulia mengine. Vocha za simu, chai na mandazi ya mapumziko, na chupa za Jumamosi, kwa jumla vilipita bei ya unga wetu wa mwezi. Tena tulinunua sukari kwa vifuko vidogo, hata kilo moja ikatugharimu kama kilo moja na nusu. Zaidi ya hayo, mshahara wetu ni wa faranga za Kongo, lakini bidhaa nyingi za hapa zatoka Arua, ng’ambo ya mpaka, na huuzwa kwa shilingi za Uganda. Sisi tulibadili faranga kidogo kidogo, tukipunjika kila mara.

Tabia hii tuliitoa wapi? Marehemu baba yetu alizoea kusema kwamba fedha ikilala huoza, naye alikuwa na sababu. Bei zilipanda hivi hata Oktoba 1993 zaire 3,000,000 zikabadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyeficha akiba chini ya godoro alibaki na karatasi. Kwa hiyo baba alitumia upesi. Lakini yeye alitumia fedha yake. Sisi tulitumia upesi fedha ya mwingine.

Basi tulikwenda dukani kwa njia ya mbele. Tukamwomba mwenye duka asitukopeshe tena, na kila mwezi apokee sehemu tuliyopatana. Faranga tukazibadili mara moja tu kwa mwezi. Baada ya mavuno tulishirikiana na jirani kununua gunia la mahindi sokoni Ariwara. Kisha tukaingia katika chama cha akiba cha mtaa. Utaratibu wake ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE: kisanduku kina kufuli tatu, funguo hukaa kwa watu watatu, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka kila mmoja hupewa akiba yake na faida. Hatukukopa humo ili kununua chakula, maana huko ni kuhamisha deni tu.

Haikuwa rahisi. Noeli ile watoto hawakupata nguo mpya, na yule mdogo alilia. Mwezi wa tano tulifiwa na shemeji, na matanga yakaturudisha nyuma. Deni lilikwisha baada ya miezi 14.

Mwenye duka alipoufuta ukurasa wetu, mwanawe alikuwa amerudia darasa na kufanya mtihani tena. Alipata 58. Tulizihesabu mara mbili, nazo zilikuwa zake mwenyewe.

Ewe mzazi mwenzetu, jioni hii chukua daftari moja la mtoto lililobakiwa na karatasi tupu, uandike matumizi ya leo, hata ya mandazi. Kesho uandike tena.