Ukurasa wa Fedha Zisizo na Jina

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeirithi, na katika vikundi vya kina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe inafuatwa kwa dhati: ni nadra kukuta kikundi kisicho na daftari. Lakini wazee hawakututajia daftari lililopo, lililojaa, lililoandikwa kwa uaminifu, ambalo hata hivyo mtu mmoja tu ndiye awezaye kulisoma. Daftari la namna hiyo ndilo lililonifikia mimi, na ndilo lililonipeleka kujifunza, katika umri ambao wenzangu wengi wanalea wajukuu, namna ya kuipa kompyuta kazi ya kusafisha na kupanga hesabu.

Kikundi chetu kina wanachama 34. Wengi tunaishi Kisauni, kati ya Mlaleo na Mishomoroni. Wengine wako Likoni, ng'ambo ya kivuko, na wachache Changamwe. Kila juma mwanachama hutoa shilingi 500: shilingi 400 ni akiba yake, shilingi 100 ni za mfuko wa maradhi na maziko. Tunakopeshana bila riba, na mwishoni mwa Shaaban tunagawana akiba ili kila nyumba iingie Ramadhani na chochote. Tumejiwekea na sharti: aliyekosa kutoa kwa majuma kumi katika mwaka hasaidiwi na mfuko mpaka alipe anachodaiwa. Sharti hilo ni la haki, maadamu hesabu ni ya kweli.

Mweka hazina wetu wa kwanza aliishika kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na sikupata kusikia hata siku moja mtu akimtilia shaka. Mwenyezi Mungu alipomchukua, nilikabidhiwa madaftari matatu, faili la lahajedwali ambalo binti yake alikuwa akimwandikia, na taarifa za M-Pesa za laini ya kikundi. M-Pesa ilianza nchini mwezi Machi 2007, na kwa kikundi kilichotawanyika pande tatu za bara la Mombasa ilikuwa neema, kwani hakuna tena haja ya mtu kuvuka feri na kitita mkobani. Ila nilipoviweka vyanzo hivi vitatu mbele yangu, havikukubaliana.

Mfano ni bibi mmoja wa Likoni, miongoni mwa waanzilishi. Katika lahajedwali, mstari wake ulikuwa na visanduku 17 vitupu, yaani majuma 17 bila mchango. Kwa sharti letu, alikuwa amekwisha kutoka katika himaya ya mfuko. Na katika taarifa za M-Pesa kulikuwa na miamala 17 ya shilingi 500, iliyotumwa na kijana ambaye hakuna katika kamati aliyemjua. Nilikwenda kumwona. Baada ya masalkheri na kahawa nikamuuliza, naye akanijibu kwa upole: “Mwanangu, mimi simu sina. Hunitumia mjukuu wangu. Marehemu akijua.”

Marehemu akijua. Neno hilo lilinikaa moyoni njia nzima ya kurudi. Marehemu alijua kwamba kijana yule ni mjukuu wa bibi yule, kwamba mwanachama mwingine hutumia simu ya mumewe, na kwamba mwingine hulipiwa na binti yake aliye Uarabuni. Alijua yote, na kila mwezi aliyasawazisha kwa mkono, kwa nia njema. Lakini elimu hiyo haikuandikwa popote, na ilipozikwa, haki ya watu ilikaribia kuzikwa pamoja nayo.

Miezi ya kwanza nami niliifanya kazi kwa mkono kama yeye. Nilinakili taarifa ya M-Pesa, nikafuta safu zisizohitajika, nikatenganisha jina na maelezo mengine, nikapanga tarehe, nikatafuta mwenye kila mchango. Kazi ilinichukua mikesha mitatu kila mwezi. Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alinitazama usiku mmoja akauliza, “Shangazi, marekebisho haya haya huyafanya mara ngapi?” Nikamwambia kila mwezi. Akasema, “Basi usiyafanye tena. Yaandike.”

Alichomaanisha ndicho kiini cha elimu hii. Ndani ya Excel, tangu toleo la 2016 la Windows, mna chombo kiitwacho Power Query. Ukiionyesha folda yenye taarifa zako, huzisoma zote kwa pamoja bila kuzigusa zenyewe. Kila unalotenda, kama kufuta safu, kugawa neno au kupanga tarehe, huorodheshwa pembeni mwa kioo kama hatua, moja chini ya nyingine. Mwezi ujao unaweka taarifa mpya katika folda ile ile, unabonyeza kitufe kimoja cha kuhuisha, na hatua zote hurudiwa kwa mpangilio ule ule. Mikesha mitatu ikawa robo saa.

Wepesi huo ni jambo la kushukuru, lakini nilikuja kuona kwamba si ndiyo faida kubwa. Marekebisho ya mkono hayaachi nyayo: ukibadilisha jina katika kisanduku, jina la awali limekwenda na hakuna atakayejua lilikuwa nini. Orodha ya hatua inabaki. Mtu mwingine anaweza kuifungua, kuisoma kutoka juu hadi chini, na kuniuliza kwa nini hatua ya nne iko pale. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, tumefundishwa kuandikiana madeni, kuwa na mwandishi mwadilifu na kuwa na mashahidi. Nimeiona orodha ile kuwa inafanana na shahidi: haipunguzi uaminifu wa mwandishi, bali inamlinda mwandishi na walioandikiwa.

Niruhusuni niyataje mambo machache yaliyonifunza zaidi, kwani yanaweza kumfaa dada mwenye kazi kama yangu.

La kwanza ni tarehe. Sisi tukiandika 05/03/2024 tunakusudia tarehe 5 Machi. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe 3 Mei, wala haikuambii. Ikifika 25/03/2024 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi huiacha kama maneno tu. Hivyo michango ya mwezi mmoja huvunjika: ile ya siku kumi na mbili za mwanzo hutawanyika mwaka mzima, na ile inayosalia haihesabiwi kwa tarehe kabisa. Hatua moja ya kuieleza programu kwamba tarehe zetu huanza na siku iliondoa balaa hilo. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, mwaka wa kikundi chetu hauanzi Januari wala hautulii mahali pamoja. Kwa hiyo niliweka jedwali dogo la tarehe za kufungua na kufunga mwaka, nalo hujazwa na kamati.

La pili ni namba. Namba ya simu inayoanza na sifuri, lahajedwali huiona kuwa hesabu na kuiondoa sifuri yake. Katika orodha yetu ya wanachama, namba moja ilionekana kwa sura tatu: yenye sifuri, isiyo na sifuri, na yenye 254. Tiba yake ni kuchukua tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki. Kila muamala wa M-Pesa nao una msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi usiofanana na mwingine. Nikaifanya programu iutumie huo kuondoa marudio, ili taarifa mbili zinazoingiliana kwa siku chache zisimhesabie mtu mchango mmoja mara mbili.

La tatu ni umbo la jedwali. Lahajedwali la zamani lilikuwa na majina kwenda chini na majuma kwenda kulia, juma baada ya juma, mpaka likawa refu kama mkeka wa harusi. Jicho la mwanadamu hulipenda umbo hilo, lakini kwa kompyuta ni gumu kulijumlisha. Programu ina amri ya kuligeuza, ili kila mchango ukae katika mstari wake wenyewe wenye mambo matatu: nani, lini, kiasi gani. Baada ya hapo kila swali hujibika.

La nne, na zito kuliko yote, ni majina. Katika kitambulisho mtu ni Aisha, katika daftari ni Mwanaisha, na kwa jirani zake ni Mama Fulani. Mohamed yule yule huandikwa Mohammed na Muhammad. Hata nafasi moja tupu mwishoni mwa jina yatosha kumfanya mtu mmoja kuwa wawili machoni mwa kompyuta. Nafasi hizo tupu programu huziondoa bila taabu. Ina pia uwezo wa kukisia kwamba majina mawili yanayokaribiana ni ya mtu mmoja. Nilipoelezwa habari hiyo nilifurahi, kisha nikaitafakari nikaikataa. Kwetu mjukuu hupewa jina la bibi yake, na mabinti wa ndugu wawili hupewa jina la nyanya mmoja. Majina mawili yakikaribiana pwani, mara nyingi maana yake ni kwamba watu hao ni jamaa, wala si kwamba ni mtu mmoja. Kompyuta haiwezi kulijua hilo, na ikikisia itampa mtu haki ya binamu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa mpaka wa kazi yangu na kazi ya mashine. Niliandika jedwali la majina lenye safu mbili: jina kama lilivyokuja katika taarifa, na mwanachama anayehusika. Kila mstari ulijazwa baada ya kumuuliza mwenyewe, na mstari wa mjukuu wa bibi wa Likoni ulikuwa wa kwanza. Programu huunganisha taarifa na jedwali hilo, na muamala usiopata mwenyewe hautupwi wala haukisiwi. Huenda katika ukurasa wake peke yake, ambao nimeuita Fedha Zisizo na Jina.

Nina sababu ya kusisitiza kwamba usitupwe. Mwezi Oktoba 2020 ilibainika kwamba majibu 15,841 ya watu waliopatikana na korona huko England hayakuwa yamefika katika hesabu ya taifa kwa wakati, kwa sababu yalipitishwa katika faili za muundo wa zamani wa Excel, usiobeba zaidi ya mistari 65,536. Yaliyozidi yalidondoka kimya. Kazi inayojiendesha yenyewe hukosea nayo kimya kimya, tena kwa kasi. Kwa hiyo juu ya ripoti yangu pana tarakimu tatu: jumla ya fedha zilizoingia, jumla iliyopata wenyewe, na jumla isiyopata. Ya kwanza lazima iwe sawa na nyingine mbili zikijumlishwa. Isipokuwa hivyo, siisomi ripoti iliyobaki.

Siku nilipoibonyeza kwa mara ya kwanza, Fedha Zisizo na Jina zilikuwa shilingi 61,500. Kwa majuma sita tuliuliza nyumba kwa nyumba, simu kwa simu. Ziliporudi kwa wenyewe, wanachama watano walioonekana wadaiwa hawakuwa wadaiwa tena, na mmoja wao ni yule bibi. Msimu wa mvua za masika alilazwa hospitalini, na mfuko ulimlipia siku hiyo hiyo, bila ya yeyote kuuliza kama ametimiza majuma yake.

Baadhi yetu huona mambo haya ni ya vijana na ya ugenini. Tukumbuke kwamba neno algoriti, wanaloliita mafundi wa kompyuta mfululizo wa hatua za hesabu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Alitafuta njia ya kugawa mali za watu hatua kwa hatua, mbele ya macho yao. Kikundi cha kina mama 34 kinahitaji jambo hilo hilo kwa kipimo chake.

Yapo mawili ninayowausia wenye kushika hesabu za wengine. Faili hizi zina siri za nyumba za watu: nani anadaiwa, nani analipiwa na nani. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inazitambua habari za mtu kuwa haki yake, na adabu yetu ilitangulia kusema hivyo. Zisitumwe ovyo katika makundi ya WhatsApp. Na jedwali la majina lisiwe mali ya mweka hazina. Letu husomwa mbele ya kamati kila miezi mitatu, na wanachama wawili hutia saini nakala iliyochapishwa.

Katika ukurasa ule bado zimo shilingi 1,500 ambazo mwenyewe hajapatikana. Hatuzigusi. Kila mwezi programu huzileta tena mbele yetu, nasi tunaendelea kuuliza.