Ua Halina Kipimo

Kabla ya kuwa na jumba lake la mavazi, Christian Dior aliishi kwa kuuza michoro ya kofia na magauni mjini Paris, miaka ya 1930. Hata alipopata jina alibaki mtu wa kalamu: alichora, akawakabidhi mafundi wakuu, nao wakaigeuza michoro kuwa nguo. (Wafaransa huwaita washonaji wale “mikono midogo”, kwetu ni mafundi, neno lenye heshima zaidi.) Mchoro wa namna hiyo ni maagizo kwa mtu ajuaye kushona.

Nililielewa jambo hili nilipomsimulia mama yangu mchoro wa vazi liitwalo Bar, lililoonyeshwa tarehe 12 Februari 1947. Mama ni fundi cherehani wa miaka mingi. Macho yake sasa hayaoni zaidi ya mwanga na kivuli. Nilianza kama tuanzavyo watunzi: kiuno cha nyigu, sketi iliyochanua kama ua. Akanikatiza.

“Ua halina kipimo, mwanangu. Marinda yanaanzia wapi?”

Tashbihi zangu zikaishia hapo. Nikaanza upya, mstari kwa mstari: koti la hariri, rangi ya maziwa, limebana kiunoni kisha likatanuka juu ya nyonga, mabega yameteremka, sketi nyeusi ya sufu, marinda tangu kiunoni, pindo likifika katikati ya muundi. Akanyamaza, vidole vikikunja ncha ya kanga yake. Kisha akasema nyonga za koti haziwezi kutuna hivyo kwa kitambaa kitupu; lazima ndani mna kitu. Mchoro hauonyeshi hilo hata kidogo, lakini ni kweli: koti la Bar lilijazwa kwa ndani, penye nyonga.

Nilikwama kwa neno moja. Mafundi wa Dior hawakuikata hariri moja kwa moja. Walishona kwanza mfano kwa kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, ambao Wafaransa huuita toile. Ulimi ulitaka kusema turubai, lakini turubai kwetu hufunika lori. Mama akajibu, bila kufikiri, kwamba hiyo ni marekani. Neno hilo lilitufikia na shehena za wafanyabiashara wa Marekani waliouza pamba isiyopaushwa Zanzibar katika karne ya 19. Kwangu lilikuwa neno la vitabu vya historia. Kwake ni kitambaa cha kujaribia gauni la harusi kabla ya kuigusa lasi. Siku hiyo nikaandika pia bitana, taraza, na bandi, ule mshono wa muda unaofumuliwa kazi ikikamilika.

Ushairi wetu umejaa mavazi: hariri, dhahabu, udi. Mishono ni nadra. Nadhani tumezoea kulitazama vazi likiwa tayari limevaliwa.

Sketi zile zilimeza mita nyingi za kitambaa katika Ufaransa iliyokuwa bado na uhaba baada ya vita, na wapo waliokasirika. Mama hakuvutiwa na ugomvi huo. Alitaka kujua upana wa jora, apige hesabu ya marinda.