Ngazi Tatu

Shangazi alinipokea akiwa amekaa. Kwa anayemjua, hilo peke yake lilikuwa habari. Miaka yote mgeni wake alipokewa barabarani, akanyang'anywa mzigo, akaingizwa ndani huku akisimuliwa mvua, ndizi na misiba. Safari hii alibaki kwenye kigoda chake mlangoni, mkono wa kushoto umelala mapajani. Akaitikia shikamoo yangu kisha akasema, "Panda, mwanangu." Nikapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika juu na kugeuka kuutazama uwanja, nikaelewa kwa nini hakushuka.

Nilikuwa nimetoka Bukoba alfajiri. Lami ilinisindikiza kupitia Kyaka na Bugene hadi Omurushaka, kisha ikawa pikipiki, vumbi jekundu na migomba pande zote mbili. Kimuli iko wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na ukimuuliza mzee wa huku kwao ni wapi, mara nyingi bado atakujibu Karagwe. Ilikuwa Juni. Kahawa imeiva, na kila ua una turubai au mkeka uliotandazwa matunda mekundu yanayogeuka meusi kwa jua. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta, maana hivi ni vilima vya juu, lakini kufika saa nne bati linaanza kulia kwa joto.

Nyumba ile ni nzuri, na nitasema kwanza ilivyopatikana. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilizoa kizazi cha katikati, wale waliokuwa na nguvu za kulima na kujenga, ikawaacha bibi na wajukuu. Shangazi alizika watoto wawili wa kiume ndani ya miaka minne, akalea wajukuu watano kwa jembe la mkono. Mzigo huo ulikuwa wa mkoa mzima. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi waliobaki na yatima. Kwetu Kimuli pensheni haikufika. Zilifika ndizi, maharage na kahawa ya shangazi. Mjukuu mmoja alisoma, akapata kazi Dar es Salaam, na mshahara ulipotulia akamjengea bibi yake nyumba ya tofali za kuchoma, bati jekundu, madirisha ya vioo, na baraza lililowekwa marumaru zinazong'aa mpaka unajiona. Msingi akauinua juu. Huku kwetu msingi mrefu ni heshima. Nyumba inaonekana tokea barabarani, na apitaye anajua kwamba bibi huyu ana mtu.

Kutoka uwanjani hadi barazani ni sentimita 54, zimegawanywa ngazi tatu. Hakuna pa kushika.

Aprili, katikati ya masika, shangazi alitoka chooni saa tisa usiku. Mvua ilikuwa imekatika lakini marumaru zilikuwa na maji. Alipokanyaga ngazi ya juu, kandambili ikateleza. Alijikinga kwa mkono wa kushoto, na kifundo kikavunjika.  Akalala pale chini kwenye baridi mpaka jirani alipopita alfajiri akienda kukama ng'ombe. "Sikupiga kelele," aliniambia. "Niliona aibu. Mtu mzima kuanguka mlangoni kwake."

Aibu hiyo ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko mfupa. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wanaopotea zaidi. Umri huo ndio ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitumia kumtambua mtu kuwa mzee. Lakini huku kuanguka hakuhesabiwi kama jambo la nyumba. Husemwa ni uzee, ni presha, ni mkono wa mtu. Hakuna aliyeitazama ile ngazi.

Wajukuu walikuwa wamekwisha kujadiliana kumhamishia Dar. Alikataa, na sababu yake haina ubishi kwa mtu wa Kagera. Kibanja chake ndicho kina kaburi la mume wake, la wanawe wawili na la mama mkwe aliyemfundisha kupogoa migomba. Makazi ya wazee ya serikali yapo, ya Kilima pale Bukoba mojawapo, na yamewasitiri wengi wasio na mtu. Yeye ana watu, ana migomba, ana makaburi ya kupalilia. Basi ikabaki nyumba ndiyo ibadilike.

Fundi alikuja siku iliyofuata na pima maji, futi na kijana wa kumchanganyia. Ni fundi mwashi wa hapohapo, amejenga nusu ya nyumba za kijiji. Nilipomwambia tunataka kuondoa ngazi tuweke mteremko, alitazama sekunde mbili, akachora mstari ardhini kwa kisigino, mita mbili kutoka barazani. "Hapa inatosha." Nikamwomba apige hesabu. Kanuni inayotumika kwingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Sentimita 54 mara 12 ni 648, karibu mita sita na nusu. Akacheka, akidhani nimekosea. Kisha akachukua toroli la mchanga, akaegemeza ubao wa mita mbili kwenye baraza, akajaribu kulisukuma juu. Likamrudisha. Hakusema kitu, akafuta mstari wake kwa mguu na kuanza kupima upya.

Uwanja haukuwa na mita sita na nusu za moja kwa moja, kuna mti wa parachichi ambao hakuna aliyethubutu kuutaja. Kwa hiyo mteremko ukaanzia ubavuni mwa nyumba, ukafika kona, ukapata jukwaa dogo la kupumzikia, ukakunja kuelekea mlangoni. Fundi ndiye aliyeibuni ile kona, na tangu hapo kazi ikawa yake kweli. Aliinua kuta mbili fupi za tofali, akajaza mawe na moramu, akashindilia, akamwaga zege, na kabla halijakauka akalipitishia ufagio wa vijiti kwa kukingama ili libaki na mikwaruzo ya kushika nyayo. Kisha likamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na watoto wa jirani waliifanya kazi hiyo kwa furaha kubwa mno.

Ubavu wa nje ulihitaji mkono wa kushikilia. Vijana walileta miti ya mikaratusi, imenyooka vizuri, bure. Fundi akakataa: mchwa wataila ndani ya masika mawili, na siku itakapokatika itakatika mikononi mwa mtu. Tukanunua mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu, unene ambao kiganja kinaufumbata bila kulazimisha. Urefu wake hatukuutoa kitabuni. Fundi alimwomba shangazi asimame wima, mikono ining'inie, akaweka alama ya chokaa usawa wa kifundo cha mkono. "Bibi, hii ni yako peke yako," akamwambia. Shangazi akaitazama alama kwa muda, akauliza kama mgeni mrefu hataumia mgongo. Hata hapo mgeni ndiye aliyemfikiria.

Marumaru ndizo zilizoleta simu ya Dar. Fundi hakutaka kugusa patasi bila ruhusa ya aliyezilipia, na alikuwa na haki. Nilimpigia mjukuu nikamweleza. Alikaa kimya kirefu hata nikadhani mtandao umekatika. Zilikuwa mshahara wake. Alikuwa amezichagua mwenyewe na kuzipakia kwenye basi la mikoani. Kisha akauliza, "Alianguka pale?" Nikasema pale. "Vunjeni," akasema, na jioni hiyo akatuma pesa ya mifuko mitatu ya saruji. Tulizivunja zote za nje. Za sebuleni zilibaki, kwa sharti kwamba maji yakimwagika yafutwe kabla ya jambo lingine lolote.

Usiku wa tatu nilimwomba shangazi anionyeshe njia yake ya chooni kama anavyokwenda siku zote. Alitoka na kurunzi mdomoni, maana mkono mmoja ulikuwa mgonjwa na wa pili ulihitajika kupapasa ukuta. Hatua 34, mbili kati yake juu ya mizizi, moja juu ya jiwe linalotikisika ambalo mguu wake unalijua kwa kumbukumbu. Mimi nililikosa nikajikwaa. Choo chenyewe ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na kuinuka kwake alishika msumari uliokuwa ukutani kwa ajili ya taulo. Nilisimama nje gizani nikisikiliza pumzi zake, na sikuwahi kuona haya kiasi kile kwa miaka niliyokula ugeni katika nyumba ile bila kuuliza.

Jiwe liling'olewa, njia ikasawazishwa na kutandikwa moramu, bomba likafuata hadi mlango wa choo. Ndani fundi alijenga kiti cha tofali kuzunguka tundu, akakipiga niru kikawa laini kama bakuli. Vipimo vya vitabuni vinasema sentimita 45. Alipokalia, miguu ya shangazi ikaning'inia kama ya mtoto, naye mtu mwenye miguu hewani hawezi kujiinua. Tukashusha hadi 40. Kwa usiku wa mvua, seremala wa sokoni alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu na ndoo yenye mfuniko chini yake, kinachokaa chumbani nyuma ya pazia. Hicho kilichukua siku mbili za kubembeleza, kwa sababu haja ya chumbani ni ya mgonjwa, na yeye si mgonjwa.

Gharama? Nilikuwa nikifikiria Zanzibar, ambako tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 alianza kupewa pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Ni karibu na bei ya mfuko mmoja wa saruji. Kwa mzee asiye na mjukuu Dar, mteremko kama ule ni mwaka mzima wa pensheni ya kiasi kile, ambayo mzee wa Bara hana. Lakini jiwe linalotikisika lilitugharimu mtaimbo na nusu saa. Msumari wa taulo tuliubadilisha kwa kipande cha bomba kilichobaki. Ukingo wa kila kizingiti ulipakwa chokaa nyeupe ili macho yenye ukungu yauone. Bati moja la korido liling'olewa likawekwa la kupitisha mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe shangazi aliona rangi ya ukuta wake wa ndani mchana.

Kuna niliposhindwa. Nilitaka jiko liinuliwe, liwe sanifu, la kusimamia, lenye bomba la kutoa moshi. Moshi umemla macho. Najua pia macho mekundu yamefanya nini huko Usukuma, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu ule ulitoka kwenye kuni na vinyesi vya ng'ombe walivyopikia maisha yao yote. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwenye mafiga anaketi, na akiketi watu huketi naye. Jiko la kusimamia atasimama peke yake. Sikuwa na la kujibu. Tulipanua dirisha la jikoni, tukatoboa tundu juu ya ukuta, na kigoda kikaongezewa miguu.

Komeo la mlango nalo. Nilitaka kiwekwe kitasa na jirani awe na ufunguo, ili siku ya kuanguka mtu aweze kuingia. Aliniuliza kama nimewahi kulala peke yangu nyumba ya kijijini usiku ambao mbwa wanabweka upande mmoja. Siku ya mwisho alimwita yule jirani aliyemkuta alfajiri ile, akamkaribisha kahawa ya kutafuna, wakaongea Kinyambo kwa sauti ya chini ambayo sikukusudiwa kuisikia. Jirani alipoondoka, kitasa kipya kilikuwa na ufunguo mmoja pungufu.

Niliondoka asubuhi na mapema. Zege lilikuwa limeshika, na kwa vile ni eneo pana, kavu, linaloelekea jua, watoto walikuwa wamekwisha kulitandazia kahawa kuanzia kona hadi mlangoni. Nikataka kuwakemea. Shangazi alikuwa amesimama juu barazani, ufagio mkononi. Kando ya bomba, urefu wote wa mteremko, alikuwa ameifagia kahawa ikaacha ukanda mwembamba wa zege tupu, upana wa nyayo mbili. Akaushuka taratibu, mkono juu ya chuma, akanisindikiza hadi barabarani.