Mama Alisema Sita

Nilitaka kuua watu kumi na wawili. Usishtuke, ndugu msomaji, ni katika riwaya. Riwaya yenyewe nimeianza mara tatu, imejaza madaftari matatu, na mandhari yake ni kijiji kimoja upande wa Tezo, kaunti ya Kilifi, kwenye minazi na mikorosho ambako ndiko nilikozaliwa. Katika sura ya tano kijiji kinapatwa na mwaka mbaya, watu wanakufa. Sasa wanakufa kwa nini? Rafiki yangu mmoja, mshairi huyo, akaniambia niwaue kwa kipindupindu tu, ati neno lina mdundo. Nikaona haya. Mtu wa Kilifi akisoma atanicheka. Nikasema basi, nitafute ukweli: kaunti yetu inaugua nini, nani anakufa, na anakufa akiwa na umri gani. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja.

Mimi si daktari wala mtakwimu. Nilimaliza kidato cha nne, na hesabu nilipata alama ambayo mwalimu mwenyewe alisema ameniongezea. Nilifikiri ukitaka kujua ugonjwa wa watu unakwenda hospitali, unafungua vitabu, unahesabu. Vitabu vipo kweli. Kila zahanati hujaza fomu zake mwisho wa mwezi. Ile ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano inaitwa MOH 705A, na tangu 2011 takwimu hizo huingizwa katika mfumo mmoja wa nchi nzima. Malaria kadhaa, kuhara kadhaa, kifua kadhaa. Mtu mwenye haraka kama mimi angeishia hapo.

Aliyenizuia ni mjomba. Mjomba ni mtu wa kutembea na daftari. Miaka mingi amefanya kazi ya kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, na akizungumza hupenda kukata hewa kwa kidole kana kwamba anapiga mstari.

"Mpwa wangu," akasema, "hospitali inawajua waliofika. Wasiofika nani anawajua?"

Akanipa mfano. Zahanati moja imeandika homa mia tatu, nyingine arobaini. Kijiji gani ni kigonjwa? Nikajibu cha mia tatu. Akacheka. Pengine penye arobaini mto umejaa, au dawa zimekwisha na watu wamechoka kurudi mikono mitupu, au muuguzi ni mmoja na yuko likizo. Kisha akanikumbusha mwaka 2017. Madaktari wa serikali walikuwa wamegoma siku 100 hadi mwezi wa Machi, halafu wauguzi wakagoma kwa miezi mitano. Ukisoma vitabu vya mwaka ule bila kujua habari hiyo, utadhani Wakenya walipona kwa mkupuo.

Ndipo akanifundisha habari ya namba ya chini. Shuleni kwetu hesabu zote zilikuwa za Kiingereza, lakini Watanzania, ambao shule ya msingi husoma kwa Kiswahili, ile namba ya chini katika sehemu huiita asili. Ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Vifo ishirini ni kiasi. Vifo ishirini katika watu wangapi? Bila asili, ishirini si nyingi wala si chache, ni kelele tu. Nilikuwa nimesikia neno hilo maisha yangu yote, asili ya mtu, asili ya ukoo, wala sikujua kwamba lina kazi nyingine.

Na hii asili, bwana, ndiyo kazi ngumu. Waliougua huja wenyewe, wakilia. Wazima hawaji. Inabidi wafuatwe.

Kilifi wanafuatwa. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza kazi hapa 1989, na tangu 2000 wana orodha ya watu wote katika eneo la kilomita za mraba 891 linaloizunguka hospitali ya kaunti, zaidi ya robo milioni. Karibu kila miezi minne mtu hupita: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kahamia. Sisi watoto tuliwajua, tukiwaona tu tunawatangulia mbio kwenye boma la pili kutoa habari. Mtoto akilazwa hospitali, jina lake hutafutwa katika orodha ile, kwa hiyo kiasi na asili hukutana. Chanjo ya Hib ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2001, ni kwa njia hiyo walivyoweza kusema kwamba ugonjwa ule, unaoleta homa ya uti wa mgongo na kichomi, ulishuka kutoka watoto 66 kwa kila 100,000 wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, hadi chini ya 8 katika mwaka wa tatu. Na aliyefia nyumbani? Tangu 2008 wanarudi kwa jamaa zake, wanauliza aliumwaje, alikohoa, alivimba, alitikisika, siku ngapi. Majibu yanachambuliwa ili kukadiria kilichomuua. Nilipoambiwa hivyo nilimwonea wivu yule mwenye kuuliza. Ndiyo kazi ninayotaka mimi, kukaa kwenye mkeka wa watu na kuuliza ilikuwaje.

Lakini eneo lile si kaunti nzima. Kaunti nzima ilihesabiwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 na siku zilizofuata, tukatokea watu 1,453,787. Miaka kumi nyuma tulikuwa 1,109,735. Ukiendelea kugawanya kwa asili ya zamani wakati watu wameongezeka karibu theluthi, kila ugonjwa utaonekana umepanda, na chanjo itaweza hata kupita asilimia mia, jambo ambalo mjomba anasema hutokea kweli katika ripoti na huwachekesha sana makarani.

Tena kuna hili la kuitwa kaunti moja. Kilifi ina Mtwapa isiyolala, ina Watamu na Malindi zenye hoteli, na Kilifi hiyohiyo ina Ganze na Magarini ya ndani ambako mvua ikikosa misimu miwili mahindi hukauka yakiwa urefu wa goti. Ukichanganya yote ukapata wastani, wastani huo haukai popote. Hakuna kijiji kinachoitwa Wastani.

Namba iliyonikaa kooni ni ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kilifi ni asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote 47. Mwaka 2014 nchi ilikuwa 26 na sisi tulikuwa 39. Yaani wenzetu walishuka vidato vinane, sisi viwili. Na mtoto aliyedumaa haonekani katika MOH 705A kwa ufupi wake, maana haumwi. Hakuna mama anayembeba mtoto maili sita kwenda kusema, "Daktari, huyu ni mfupi." Niliwahi kukaa kwa jamaa zetu huko bara nikacheza na kijana mmoja nikimdhania ana miaka minne. Alikuwa na saba. Sikufikiri kitu, nilimbeba mgongoni.

Sasa nirudi kwenye ile sensa, maana ndiyo iliyoharibu riwaya yangu.

Karani aliyekuja kwetu alikuwa msichana niliyesoma naye, kavaa koti la kung'aa, mkononi ana kishikwambi, kwa kuwa mwaka ule hakukuwa na karatasi. Alianza na hawe, nyanya yangu mzaa baba. Umri? Hawe akasema amezaliwa mwaka wa njaa. Njaa gani? Kwani njaa zilikuwa moja? Makarani walikuwa na kalenda ya matukio kwa ajili ya wazee kama yeye, kwa hiyo tukamvuta kwa kamba ya historia: uhuru ulipokuja ulikuwa umeolewa? Nilikuwa na watoto wawili. Tukajumlisha, tukatoa, mwisho tukakubaliana themanini kamili. Wataalamu wanajua mchezo huu. Ukitazama umri wa watu katika sensa, penye sifuri na tano pamejaa kama stendi ya Mombasa, na inabidi walainishe kabla ya kuutumia.

Ikawa zamu ya mama.

"Mama, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Sita."

Nilikuwa nimeegemea mlango nikamenya miwa. Nikataka kumsahihisha. Sisi tuko watano. Mimi ndimi wa mwisho.

"Walio hai sasa?"

"Watano."

"Aliyekufa ni mvulana au msichana?"

"Msichana."

Karani akagusa kioo mara moja, akaendelea na swali lililofuata. Si kosa lake, boma zilikuwa nyingi na jua limepanda. Mama naye akajibu yaliyobaki kwa sauti ileile. Mimi ndiye niliyebaki na kisu mkononi.

Kati yangu na kaka anayenitangulia kuna miaka sita. Siku zote nilidhani ni pengo tu.

Baadaye sana, nilipokuwa nahangaika na sura ya tano, ndipo nilipogundua kwamba swali lile si la udadisi. Kuna Mskoti mmoja, William Brass, aliyefanya kazi Nairobi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki tangu 1948 hadi 1955. Aliona kwamba nchi ambazo watu hawaandikishi vifo zinaweza kukadiria vifo vya watoto kwa kuwauliza akina mama mambo mawili tu, umezaa wangapi na wangapi wamebaki, kisha kupanga majibu kwa umri wa mama. Hakuna haja ya tarehe. Hakuna haja ya cheti. Mama mmoja hakwambii kitu, laki moja wanakwambia mengi. Kwa hiyo lile neno la mama yangu, sita, limo ndani ya kadirio la vifo vya watoto wa Kilifi.

Nilimuuliza. Ilinichukua miaka kumuuliza. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha. Alisema alizaliwa 1996, akafa 1997 msimu wa mvua kubwa. Homa ilianza jioni. Usiku akatikisika, macho yakageuka juu, wazee wakasema ni nyuni, yule ndege anayewashika watoto, akatafutwa mganga. Alfajiri baba akambeba kwenda zahanati. Hawakufika. Walirudi naye, akazikwa kabla ya adhuhuri, nyuma ya mnazi ambao mimi nimeupanda mara elfu.

Hakuna kitabu cha hospitali kilichomwandika, kwa kuwa hakufika. Ile orodha ya nyumba kwa nyumba ilianza 2000, hakuikuta. Sensa zilikuwa 1989 na 1999, akapita katikati. Sensa ya 1999 ilinikuta mimi nina miezi michache, nikahesabiwa miongoni mwa wana, na yeye akahesabiwa miongoni mwa marehemu, siku moja, kwa kinywa kimoja.

Kuna jambo jingine nililipata nikisoma, na natamani nisingelipata. Kati ya 1993 na 1995 hapa hapa Kilifi lilifanywa jaribio la vyandarua vyenye dawa. Vijiji vingine vilipewa, vingine vikangoja, na watoto wakahesabiwa pande zote. Walipolinganisha, penye vyandarua vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja. Matokeo yalichapishwa 1996. Mwaka aliozaliwa dada yangu dunia ilikwisha kujua, kwa namba, tena namba za hapa kwetu. Vyandarua milioni 3.4 viligawiwa bure nchini mwaka 2006. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka kilivyoletwa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu mkubwa, cheupe, kinanuka dawa, na hawe akakataa kukilalia, ati kinafanana na sanda.

Toka 1996 hadi 2006. Mjomba anasema kuhesabu ni kazi moja na kuleta ni kazi nyingine, na wanaolipwa ni watu tofauti. Aliyasema akinywa chai, bila uchungu wowote, na nilimkasirikia siku nzima. Sikumbuki kumjibu. Hata leo nikipita njia ile ya kwenda zahanati napima kwa hatua, nijue baba alifika wapi.

Sura ya tano nimeichana. Wale kumi na wawili niliowapanga kufa sasa wote wazima, sijui nitawafanya nini.

Juzi mama aliniuliza kama kwenye kile kidude cha karani palikuwa na nafasi ya jina la mtoto. Nikamwambia jina la marehemu hawaulizi, wanauliza ni wangapi. Akanyamaza kidogo, akapuliza makaa. Kisha akanitajia, ni jina la mama yake, na akanirudia herufi moja moja kana kwamba mimi ndiye karani. Nimeliandika kwenye daftari la nne, ukurasa wa kwanza. Hapa silitaji, sijamwomba ruhusa.